Kijana Wetu Asiyeona, Kompyuta ya Madrasa na Kosa Tulilolifanya



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, leo hatuleti somo la twahara wala la mirathi. Tunaleta kisa chetu wenyewe: kompyuta moja ya madrasa, kijana mmoja asiyeona, na neno moja tuliloliandika kwa mkono wetu likamtia mama wa watu aibuni. Tumekaa na kisa hiki muda mrefu tukiona haya kukisimulia. Lakini wazazi wenye watoto wasioona hutuuliza mara kwa mara kama mtoto wao anaweza kufanya kazi ya ofisi, na jibu letu halitakuwa la haki tukiwaonyesha mafanikio na kuwaficha kosa.

Sisi tunafundisha Fiqhi na Hadithi katika madrasa moja ya mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Umri wetu umevuka miaka arobaini, na kompyuta tulijifunza ukubwani, kidole kimoja kimoja. Kijana tunayemsimulia tunamhifadhia jina lake. Aliletwa kwetu akiwa na miaka tisa, macho yameshaondoka kwa maradhi. Alihifadhi kwa kusikia, akawapita wenzake wenye macho. Kwa miaka mingi sisi ndio tuliokuwa tukimsomea: barua, vitabu, hata ujumbe wa simu. Na tuseme ukweli, tuliipenda kazi hiyo. Ukimsomea asiyeona, dua unaipata papo hapo, na watu wakipita wanakuona.

Alipomaliza sekondari, jamaa zake walioko Ulaya walimletea kompyuta ya mkononi iliyokwisha tumika, yenye kibodi ya Kifaransa. Humo akaweka programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA. Kwa wasiojua, programu hii husema kwa sauti kile ambacho kompyuta inaonyesha. Asiyeona hatumii kipanya. Anatembea kwa vitufe vya kibodi, na kila anapofika sauti inamwambia alipo: hapa pana kitufe, hapa pana mahali pa kuandika, hapa pana orodha ya majina. NVDA huja na sauti ya eSpeak NG, ambayo ina lugha nyingi na Kiswahili kimo. Si sauti tamu. Inasema kama mtu aliyezibwa pua. Lakini kijana wetu aliizoea, akaiongeza kasi mpaka sisi tukawa hatuambulii kitu ila mvumo.

Programu za namna hii si mpya. Mwaka 1989 Mmarekani Ted Henter, ambaye alipoteza macho kwa ajali ya gari, na kampuni aliyoianzisha pamoja na Bill Joyce, walitoa programu ya JAWS, inayotumika mpaka leo. Hiyo inauzwa, na bei yake haikuwa ya mfuko wetu. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh. Wote wawili hawaoni. Waliitengeneza ili asiyeona asilipie zaidi ya jirani yake ili kutumia kompyuta ile ile, kwa hiyo inatolewa bure, na ndani yake pako wazi: anayejua anaweza kuangalia ilivyoandikwa na kuongeza lake.

Huko kuongeza lake ndiko kisa chetu kinakoanzia.

Mwaka 2022 aliyekuwa akitunza daftari la ada alihama. Kijana akaomba kazi hiyo. Katika kamati mzee mmoja alisema bila kuficha, "Hesabu za watu mtampaje asiyeona? Kesho atasomewa uongo naye ataandika." Kijana akamjibu kwa adabu: "Mzee wangu, fedha zitapokelewa na mhasibu kama kawaida. Mimi nitatunza daftari tu. Na kama shaka ni kusomewa, basi mnipe nafasi nijisomee." Kamati ikampa muhula mmoja wa majaribio.

Daftari letu lilikuwa ndani ya programu ndogo aliyotutengenezea fundi mmoja wa mjini. Ukichagua jina la mzazi, dirisha linafunguka na kuonyesha vitu vitano kwa mfuatano: jina, darasa, ada, iliyolipwa, na salio. Kwa mwenye macho ni jambo la kutupa jicho. Kwa kijana wetu ilikuwa taabu, kwa sababu maandishi yale yalikuwa ya kuonyeshwa tu. Kitufe cha Tab hakikuyafikia, na kisoma skrini kwa kawaida husoma pale unapofika kwa Tab au kwa mishale. Ziko amri za kutembea kwenye skrini kitu kwa kitu, na kijana alizijua. Akitumia hizo alisikia: "Jina," kisha jina lenyewe, "Darasa," kisha darasa, na hivyo hivyo mpaka salio. Alifika, lakini kwa kubonyeza mara nyingi kwa kila mzazi, na siku ya mwisho wa mwezi wazazi hupanga foleni mpaka barazani.

Basi sisi tukawa tunaketi pembeni yake na kumsomea. "Salio elfu kumi na tano." "Salio hakuna." Siku ya tatu akatuambia, "Ustadhi, nikikaa hivi, mimi si karani. Mimi ni mkono wako tu." Neno lile lilituuma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Tuna mpwa wetu anayesoma mambo ya kompyuta chuo kikuu. Tukamweleza. Akasema jambo hilo lina dawa, nayo ni kuandika mikato ya kibodi ya programu ile moja. Tulimtaka atufafanulie kama anavyofafanuliwa mzee, naye akafanya hivyo.

Kila programu ya Windows ina jina la faili linaloiendesha. Yetu iliitwa daftari.exe. NVDA, ikikutana na programu hiyo, hutafuta kama liko faili la maelekezo lenye jina hilo hilo, yaani daftari.py, lililoandikwa kwa lugha ya Python. Likiwapo, hulichukua, na amri zilizomo hufanya kazi ukiwa ndani ya programu ile tu. Ukihamia kwenye barua pepe, vitufe vile vile hurudi kwenye kazi zao za kawaida. Ukitaka kujua jina ambalo NVDA inaitambua nalo programu uliyomo, bonyeza kitufe cha NVDA pamoja na Control na F1, itakutajia. Kitufe cha NVDA chenyewe ni Insert, au Caps Lock ukichagua hivyo.

Tangu toleo la 2019.1, mahali pa kujaribia mafaili hayo ni folda iitwayo scratchpad, na ndani yake folda ya appModules. Lakini kwanza lazima uingie kwenye mipangilio ya kina ya NVDA uruhusu folda hiyo isomwe. Ruhusa hiyo haikuwekwa kwa ukaidi. Faili lile ni programu kamili, na linaweza kufanya kwenye kompyuta yako chochote ambacho programu yoyote inaweza kufanya. Ndani yake mpwa wetu aliandika amri tatu. Ya kwanza inasoma jina la mzazi, ya pili inasoma iliyolipwa, ya tatu inasoma salio. Kila amri ikafungwa kwenye vitufe vyake. Ukihifadhi faili na kubonyeza NVDA, Control na F3, maelekezo mapya yanaingia bila kuizima kompyuta.

Mpwa aliandika yale magumu. Sisi alitupa kazi nyepesi: kuchagua vitufe, na kuandika maneno ya Kiswahili yatakayotamkwa. Ndugu zangu, makosa yote mawili mtakayoyasikia yalitoka kwenye hiyo kazi nyepesi.

Kosa la kwanza. Kwa salio tulichagua NVDA na S, S ya salio. Tuliona tumefanya jambo la busara. Hatukumuuliza mwenyewe. Kumbe NVDA na S ni amri ya siku zote ya kubadili hali ya usemaji, ambayo kijana alikuwa akiitumia kuinyamazisha sauti akija mtu mezani. Na mkato wa programu moja huushinda ule wa jumla, ndivyo ilivyopangwa. Asubuhi moja baba mmoja aliingia na mgeni wake. Kijana, ambaye wakati huo hakuwa na visikizio, akabonyeza NVDA na S ili sauti inyamaze wasalimiane. Badala ya kunyamaza, kompyuta ikatangaza mbele ya mgeni: "Salio, elfu arobaini na tano." Yule baba akacheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyevuliwa kofia. Deni la mtu ni siri yake.

Baada ya hapo kijana alichukua kibodi. NVDA ina hali ya msaada wa kibodi: ukiiwasha, kila kitufe unachobonyeza hutajwa kazi yake bila kuifanya. Akapita nayo kitufe kwa kitufe akitafuta palipo wazi. Alikataa tarakimu za safu ya juu, kwa sababu kwenye kibodi ya Kifaransa tarakimu hizo hutaka Shift. Alikataa pia Control na Alt kwa pamoja, kwa kuwa kwenye Windows hao wawili ni sawa na Alt Gr, ambayo kibodi hiyo huihitaji kwa alama nyingi, na ile ya anwani za barua pepe imo. Mwishowe akachagua mwenyewe vitufe vitatu vilivyo karibu na mkono wake wa kulia. Akaomba pia jambo ambalo sisi tusingeliwaza: akibonyeza mara moja, kompyuta isome kiasi, akibonyeza mara mbili haraka, itaje tarakimu moja moja. Akatueleza sababu. Ukisikia "elfu thelathini na tano", ni 35,000 au ni 30,005? Kiswahili chetu kinakubali yote mawili. Tukaduwaa. Tumefundisha miaka ishirini na hatukuwahi kuligundua hilo.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Kijana alikaa peke yake mezani, kisikizio sikio moja, sikio la pili kwa mzazi. Foleni ikapungua. Kamati ikamthibitisha. Na sisi, tukubali, tulizurura kidogo siku zile hatujui la kufanya, kwa maana hakuna aliyetuita kusoma.

Kosa la pili ndilo lililotufanya tuandike haya.

Mwaka 2023, karibu na kufunga muhula, yule fundi alituletea toleo jipya la programu yake. Kamati ilikuwa imeomba pawe na punguzo la ada kwa mayatima na kwa wenye watoto wengi. Fundi akaongeza mstari wa punguzo, akauweka katikati, baada ya ada. Mwenye macho aliona dirisha lile lile, mstari mmoja umeongezeka. Hatukufikiri zaidi ya hapo.

Siku ya kutoa matokeo, asiyemaliza ada huambiwa amalize kwanza ndipo achukue karatasi ya mtoto. Akaja mama mmoja anayeuza ndagala sokoni, ana watoto watatu kwetu. Kijana akafungua jina lake, akabonyeza mkato wake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, inaonekana bado elfu tisini."

Mama akasema, "Mwanangu, mimi nimelipa yote."

Kijana akabonyeza mara mbili, akasikia tisa, sufuri, sufuri, sufuri, sufuri. Akarudia lile lile. Mama akatuangalia sisi tuliokuwa tumesimama mlangoni. "Ustadhi, wallahi nimelipa. Risiti iko nyumbani."

Sisi tulimjibu nini? Tulimjibu jibu la ofisi: "Basi ilete, mama." Mbele ya watu. Akaondoka bila matokeo ya wanawe, wanawe wamesimama naye, na walio kwenye foleni wakisikia. Baada yake alikuja bwana mmoja ambaye, sote tunajua, hajalipa kitu tangu mwaka uanze. Mkato ukasema salio sufuri. Kijana akashangaa kidogo, akadhani ameshalipa kwa mhasibu, akampa karatasi na kumshukuru. Yule bwana naye akapokea akanyamaza.

Mama alirudi baada ya saa moja, jasho linamtoka, risiti tatu mkononi. 30,000 kwa kila mtoto, jumla 90,000. Yule mzee wa kamati alikuwapo. Akasema kwa sauti, "Nilisema mimi. Nilisema atasomewa uongo." Na tunaogopa kuwaambia kwamba hata sisi, kwa kitambo, moyo wetu ulimwangukia kijana. Tulidhani kabonyeza vibaya.

Kijana hakujitetea. Aliomba watu wampe dakika tano. Akauacha mkato wake, akarudi kwenye njia ndefu aliyoianza nayo, kitu kwa kitu. Akatoa kisikizio ili nasi tusikie. "Ada." "90000." "Punguzo." "0." "Iliyolipwa." "90000." "Salio." "0." Akanyamaza. Kisha akasema, "Ustadhi, mashine haikusema salio ni elfu tisini. Sisi ndio tuliosema."

Tumuelewe. Skripti ya mpwa wetu ilikuwa inahesabu nafasi: nenda kwenye kiasi cha tano, kisome. Mstari wa punguzo ulipoingia katikati, wa tano haukuwa tena salio, ukawa iliyolipwa. Kwa hiyo aliyelipa yote alisikika ana deni kubwa kuliko wote, na asiyelipa hata faranga moja alisikika hana deni. Na lile neno "Salio" lililotangulia kila kiasi halikusomwa kutoka kwenye skrini. Tuliliandika sisi, ndani ya faili, ile kazi yetu nyepesi. Kompyuta ilikuwa ikichukua kiasi chochote kilichoangukia nafasi ya tano na kukiita salio kwa kuwa sisi tumesema kiitwe hivyo.

Ndugu zangu, sisi tunafundisha Hadithi. Kila mwaka tunawaambia wanafunzi kwamba habari isiyo na sanadi haipokelewi, na kwamba kumnasibishia mtu neno ambalo hakulisema ni jambo zito. Kisha tukatengeneza chombo kinachoinasibishia skrini neno ambalo haikulisema, tukakiweka sikioni mwa mtu asiyeweza kutupa jicho kuhakikisha.

Tulikumbuka habari ya sahaba Abdullah ibn Umm Maktum (R.A.), aliyekuwa haoni, naye akiadhini Madina pamoja na Bilal (R.A.). Imepokewa kwamba hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kuwa asubuhi imeingia. Tumelisoma hilo darasani mara nyingi, na kila mara tulizungumzia heshima aliyopewa yeye. Hatukuwahi kuwazungumzia wale waliomwambia asubuhi imeingia. Watu wakianza kufunga kwa sauti yake, na sauti yake ilisimama juu ya ukweli wao. Mkato wetu wa kibodi ulikuwa mmoja wa wale wa kumwambia. Nao ulimwambia asubuhi, na bado ni usiku.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwa yule mama, sisi na wajumbe wawili wa kamati. Tulimwomba radhi, na Jumapili iliyofuata tulimwomba radhi tena mbele ya mkutano wa wazazi, kwa sababu aibu ilikuwa ya hadharani na radhi ya chumbani haitoshi. Alitusamehe. Kisha akatuuliza kama yule kijana bado ana kazi. Tukamwambia anayo. Akasema, "Haya, vizuri," akarudi kwenye ndagala zake.

Skripti ya pili kijana aliiandika mwenyewe. Alijifunza Python miezi minne, mpwa akimwelekeza kwa simu. Kuandika programu ni kuandika maandishi, na maandishi kisoma skrini huyasoma herufi kwa herufi. Ameibadili mambo matatu. Skripti haihesabu nafasi tena. Inatafuta kwenye skrini penye neno "Salio", halafu inachukua kiasi kinachofuata. Neno linalotamkwa ni lile lililokutwa kwenye skrini, halitoki kwenye faili. Na ikiwa neno halikupatikana, inasema "Salio halionekani" na kunyamaza. Haikisii. Tena kila fundi akileta toleo jipya, na kila NVDA ikibadilika, kijana hufungua majina matatu ambayo hali zake zinajulikana: aliyelipa yote, aliyelipa nusu, na asiyelipa. Anayapita kwa mkato, kisha anayapita kwa njia ndefu. Yakilingana ndipo anafungua dirisha kwa wazazi.

Kwa wazazi na wanafunzi wanaotaka kujaribu jambo hili, tunatoa nasaha chache kutokana na yaliyotupata.

Kwanza, anayetumia ndiye achague vitufe. Msimchagulie. Na atumie hali ya msaada wa kibodi kuhakikisha hamnyang'anyi amri aliyoizoea, hasa ile ya kunyamazisha sauti.

Pili, kila amri iandikiwe maelezo kwa lugha anayoielewa. Katika NVDA, amri yenye maelezo hutajwa kwenye msaada wa kibodi, na huonekana kwenye dirisha la kubadilishia vitufe, basi mtumiaji anaweza kuihamisha bila kuligusa faili. Isiyo na maelezo haionekani humo.

Tatu, mkato usitaje kiasi bila kusoma jina lake pale pale kilipo. Ukishindwa kulipata, useme umeshindwa.

Nne, msisahau njia ndefu. Mtoto afundishwe kwanza kutembea kwenye skrini kitu kwa kitu, ndipo apewe mikato. Kijana wetu asingeijua njia ndefu, siku ile angefukuzwa kazi, na mama angebaki na deni asilodaiwa.

Tano, msichukue skripti ya mtu msiyemjua mkaiweka tu. Na muangalie tarehe yake: tangu toleo la 2019.3 NVDA ilihamia Python 3, kwa hiyo mafunzo mengi ya kabla ya hapo hayafanyi kazi bila kurekebishwa. Pia toleo la kwanza la mwaka, lile lenye .1 mwishoni, ndilo linaloweza kuvunja nyongeza za zamani. Jaribuni kabla ya siku ya kazi.

Sita, visikizio. Madeni ya watu yasitangazwe.

Mnaweza kutuuliza, je, si ingekuwa rahisi kumwambia fundi aandike programu yake vizuri tangu mwanzo, maandishi yafikike kwa Tab, pasihitajike skripti? Ndiyo, hilo ndilo bora, na tumemwambia, na ameanza kulifanya. Lakini programu ni nyingi kuliko mafundi wanaosikia, na mtoto wenu anataka kufanya kazi leo.

Kijana bado yuko mezani pale. Sisi tumerudi darasani kwetu. Mara chache hutuita, si kumsomea, bali kumwangalizia kitu kimoja: dirisha jipya limekaaje, neno lipi liko juu ya lipi. Anatuuliza, tunamjibu tunachokiona na si zaidi. Akituuliza tusichokiona, tunamwambia hatukioni. Tumejifunza hilo kwa gharama ya mama wa watu.

Tunamuomba Allah atusamehe tulipokosea, amzidishie kijana wetu elimu na riziki ya halali, na awafungulie watoto wenu wasioona milango ya kazi kwa mikono yao wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.